Mstari Nilioukwangua kwa Wembe

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na haya nitakayosema sitayasema mara mbili. Theodora, funga dirisha hilo, upepo wa Julai unanipata mbavuni. Peniel, vuta kigoda ukae, usisimame hapo kama mtu aliyepita kusalimia tu. Na wewe Raheli, weka simu yako hapa juu ya blanketi irekodi, na nikikohoa iache irekodi hata kukohoa, usije ukakata kitu baadaye ukasema baba hakusikika vizuri.

Mimi baba yenu Kefa, niliyekuwa mwinjilisti wa kanisa letu miaka thelathini na minne, nakwenda zangu. Daktari aliwaambia ninyi nje ya mlango, akidhani mgonjwa wa mapafu ni kiziwi pia. Nilisikia kila neno. Basi nigawe kilichopo kabla pumzi haijagawanyika. Nyumba hii ni ya Theodora, kwa sababu ndiye aliyeniogesha na kunilisha tangu mama yenu atutoke, na mtu asiyependa hilo alikuwa na miaka miwili ya kuja kubeba beseni. Ng'ombe wawili wa kulimia na plau ni vya Peniel. Mizinga sita ya nyuki ni ya Raheli, ingawa najua anaogopa nyuki. Shamba la juu la alizeti mgawane watatu, sawa kwa sawa, wala mtu asilete hapa habari za kwamba binti harithi, maana habari hiyo niliwahi kuitumia mimi mwenyewe kwa ubaya, kama mtakavyosikia. Limebaki shamba la bondeni. Usigune, Peniel, la bondeni nitalifikia, ndilo nililowaitia.

Mnakumbuka Pasaka iliyopita, Raheli alipokuja kutoka Mandewa na simu hii hii, akawa anasoma na kucheka peke yake pale barazani. Nilimuuliza anasoma nini, akasema habari za kijiji chetu. Nikadhani gazeti. Akasema hapana baba, ni kamusi kubwa ya kwenye mtandao, ina habari za dunia nzima, na inaandikwa na watu. Watu gani? Watu wowote. Wamesomea? Wengine. Wanalipwa? Hapana. Wanajuana? Hapana. Sasa mkubwa wao nani? Akafikiri kidogo, akasema mkubwa hasa hayupo, ila wanasahihishana. Nilicheka mpaka Theodora akaja mbio na maji ya kunywa. Nikamwambia mwanangu, hiyo si elimu, huo ni mnada wa ng'ombe, anayepaza sauti kuliko wenzake ndiye anayeondoka na fahali.

Na aliponisomea niliona nimesema kweli. Kijiji chetu kilipewa mistari minne tu. Wa kwanza ulituweka katika wilaya isiyo yetu. Wa pili ulisema tunalima mpunga kwa wingi, sisi ambao mvua ikinyesha siku tatu mfululizo tunaitisha ibada ya shukrani. Wa tatu ulisema kwaya yetu ina fahali anayeimba besi. Raheli akasema huo umeandikwa na mhuni na utafutwa. Nikasema mhuni huyo basi anamfahamu mzee Gerald jirani yetu, maana besi ya Gerald naijua mimi niliyesimama mbele yake Jumapili zote hizo. Tulicheka wote siku ile, hata wewe Peniel. Mstari wa nne siukumbuki.

Ndipo nikajifaragua. Nikaagiza niletewe Biblia hii ya babu yenu, nikaipiga kofi juu ya jalada, nikasema, humu hamna mhuni. Raheli akanijibu kwa ule upole wa kiualimu unaoudhi kuliko matusi. Akasema, baba, hata hiyo imeandikwa na watu wengi wasiojuana, mchunga kondoo, mvuvi, mtoza ushuru, mfalme, wengine wamepishana miaka mia kwa mia, na habari za Yesu peke yake zimeandikwa na watu wanne, kila mmoja na alivyozipokea, na hakuna aliyemfuta mwenzake. Nikasema wale waliongozwa na Roho. Akasema, na hawa wanaongozwa na ubishi. Nikasema ubishi haujawahi kumtoa mtu Misri. Akasema, lakini unasaidia kujua tuko wilaya gani. Akanionyesha jinsi wanavyoandika pembeni ya sentensi wasiyoiamini kwamba chanzo kinahitajika. Nikamwambia, Tomaso angepata kazi ya kudumu huko. Nikamwambia, Musa angeshuka mlimani na zile mbao mbili za mawe, hawa wangemuuliza chanzo, na akisema ni Mungu mwenyewe wangemjibu kwamba huyo ni mhusika, alete mwingine.

Laiti ningeishia kwenye kucheka. Lakini kiburi kinazeeka pamoja na mtu, hakimtangulii kufa. Nikataka nasi tuandikwe. Nikamwambia Raheli aongeze mstari wa tano, kwamba mwinjilisti wa kwanza wa kijiji hiki alikuwa babu yenu. Akauongeza. Siku ya tatu akanipigia simu kutoka Mandewa, baba, wameufuta, wanasema hauna chanzo. Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Nikasema chanzo ninacho, kiko ndani ya Biblia, kwenye kurasa za mbele, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, njoo upige picha uwatumie hao wabishi wako.

Ninyi mnazijua kurasa hizo. Zamani zetu hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtoto akibatizwa, mwenye Biblia ya ukoo alichovya kalamu akaliandika jina kwenye zile kurasa nyeupe kabla ya Mwanzo, na mtu akifa aliandikwa hapo hapo. Na kwa kuwa zimeshonwa pamoja na maneno ya Mungu, nazo tulizifanya maneno ya Mungu. Mtu wa huku atabishia risiti, atabishia muhtasari wa kikao, atabishia hata kaburi, lakini kilichoandikwa ndani ya jalada lile habishi. Hilo ni kosa letu sisi watu wa hapa, na mimi nililifahamu kuliko wote, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikiwafundisha.

Raheli akaja. Akaifungua Biblia dirishani apate mwanga wa kupigia picha. Akaupapasa ukurasa kwa kidole. Kisha akasema, baba, hapa karatasi imekuwa nyembamba, inapitisha mwanga, kama imekwanguliwa. Nikasema ni mende. Mende, wanangu! Mende aliyejua kusoma, akala mstari mmoja ulionyooka, akauruka wa juu na wa chini. Raheli hakunibishia. Akapiga picha yake. Halafu, sijui kwa kujua au kwa kutojua, na mpaka leo sijamuuliza, akanionyesha kitu kingine katika ile kamusi yake. Nyuma ya kila ukurasa pana historia ya ukurasa. Kila kilichoongezwa kipo, kila kilichofutwa kipo, na nani amefuta, siku gani, saa ngapi, dakika ya ngapi. Fahali wa besi yupo kule nyuma mpaka leo, na mhuni wake yupo. Mstari wangu wa babu yenu upo, na jina la aliyeufuta lipo. Ukifuta, kufuta kwenyewe kunaandikwa.

Nilibaki nimeishika simu ile mpaka ikajizima yenyewe mkononi. Niliona kwamba jambo nililoitendea Biblia Takatifu nisingeweza kulitenda kwenye kitabu cha wahuni.

Nipe maji, Theodora. Kidogo tu. Ahsante.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipowaitia. Nilikuwa na kaka, Benjamin. Babu yenu alimpa yeye shamba la bondeni, lenye maji hata kiangazi, mimi akanipa la juu, lenye mawe. Tangu siku ile nilimchukia kaka yangu kwa adabu, nikimwamkia shikamoo kila asubuhi. Benjamin alimwoa Elizabeti, wakapata mtoto mmoja, Hana. Babu yenu alimwandika Hana humu kwa mkono wake, nami nilikuwepo, nilimshikia kidau cha wino. Raheli, ulicheza na Hana. Peniel, mlichunga mbuzi pamoja, akakufundisha kupiga mluzi. Wakati babu yenu amekwisha kufa na Biblia iko kwangu, Benjamin naye akaugua homa juma moja tu, akafa. Mwaka uliofuata, themanini na nane, mvua ilikatika mapema, mahindi yangu yakasimama makavu, na kule bondeni vitunguu vikawa vibichi. Nikaenda kwa Elizabeti kuomba nilime. Akanijibu bila ubaya wowote, shemeji, lima mwaka huu, watoto wasife njaa, lakini ujue shamba ni la Hana.

Hakuninyima. Hilo nataka mlisikie vizuri. Alinipa, akaniambia ukweli pamoja na alichonipa, na ni ule ukweli ulioniuma. Nikaenda nyumbani nikachukua wembe wangu wa kunyolea ndevu, ule wa Jumamosi, wa kujiandaa kwa mimbari. Nikakwangua. Taratibu, herufi kwa herufi, nikipuliza unga wake, kama saa nzima. Kisha nikalipeleka shauri mbele ya wazee wa baraza, kwamba kaka yangu alikufa bila mtoto na ardhi irudi kwa ukoo, na hata kama angekuwa na binti, binti harithi.

Mwenyekiti alikuwa Gerald. Alivua kofia, akafuta viganja kwenye suruali, akaifungua Biblia akasoma majina moja moja kwa sauti. Yenu yalikuwemo. La Hana hakuliona. Akamuuliza Elizabeti, mama, ni mjukuu gani wa mwinjilisti ambaye babu yake hakumwandika? Elizabeti akasema, aliandikwa, nilimwona akiandika, inueni huo ukurasa juani muutazame. Alisema hivyo mara tatu. Gerald akamkemea, akasema Biblia haipekuliwi kama mfuko wa mwizi. Na mimi mwizi nilikuwa nimekaa pale, mikono juu ya magoti, nimevaa kola ya kazi yangu. Gerald msimlaumu. Aliamini kitabu, kama nilivyomfundisha.

Baraza likanipa shamba. Na midomo ya watu ikamalizia iliyobaki, maana mtoto asiyeandikwa ni lazima ana baba mwingine, na mama yake ni lazima ni mwanamke wa namna ile. Elizabeti alimchukua mtoto wake wa miaka tisa wakapanda lori la vitunguu kwenda Iguguno. Alifia huko. Sikwenda kumzika. Jumapili ile nilihubiri juu ya kumpenda jirani, watu wakalia, na mimi nililia, nikajiona nimetubu.

Ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu hiki unamwonya mtu atakayeondoa neno humu, kwamba naye ataondolewa sehemu yake. Niliusoma mimbarini mara ngapi! Na kila mara nilijiambia, kurasa za mbele si unabii, hazihesabiwi. Raheli, vitunguu vya shamba lile ndivyo vilivyokusomesha ualimu. Theodora, ulipougua mguu, ndivyo vilivyokutibu. Peniel, unalala juu yake. Mmekula vya dhuluma bila kujua, kosa halikuwa lenu, lakini sasa mmejua, na mtu akishajua hawezi tena kula kama jana. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na mimi ndimi niliyekuwa nguoni mwa watu wangu.

Basi neno langu ni hili. Shamba la bondeni ni la Hana, lote, mpaka kwenye mawe ya mpaka. Najua, Peniel, najua. Umejenga. Umeezeka bati mwaka juzi, na mtoto wenu mchanga amelala pale nyuma ya nyumba. Nimelala kitandani hapa miezi mitatu nikilitafutia jambo hilo mlango mwingine, sikuuona. Hana akisema hama, utahama. Akisema kaa, utakaa kwa fadhila yake, na kila msimu utampelekea gunia la kwanza. Kaburi la mtoto umwombe, usimwamuru. Ningeweza kulisema hili nikiwa na nguvu za kubeba tofali, nikakujengea kwingine kwa mikono yangu. Sikulisema. Nilikuacha ujenge, nikaja kukata utepe wa maombi, nikaibariki nyumba ya mwanangu juu ya ardhi ya mwizi. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, sina la kukulaumu.

Mwezi uliopita nilimtuma Raheli kwa Hana. Yuko Iguguno barabarani, anauza kuku na mafuta ya alizeti. Raheli alimweleza yote, maana nilikuwa nimemweleza. Hana alimsikiliza huku akifunga kuku miguu, kisha akasema, mfikishie baba mdogo shikamoo yangu, lakini kuja siji, mpaka aliyekaa kwenye shamba aje kuniita mwenyewe. Shikamoo! Baada ya yote. Ingekuwa tusi ningelipokea nikalala. Ile shikamoo imekaa hapa kifuani pamoja na maji ya mapafu.

Umesikia, Peniel. Si Raheli anayetakiwa, si mimi. Ni wewe.

Theodora, kalamu ya wino iko kwenye kopo. Nikimaliza, fungua ukurasa ule. Usiandike juu ya mkwaruzo, uache ulivyo, uonekane. Chini yake andika, Hana, binti wa Benjamin na Elizabeti. Pembeni andika, alifutwa na Kefa kwa wembe, mwaka themanini na nane, na tarehe ya leo aliporudishwa. Umpelekee mzee Gerald asome, naye mumwinulie ukurasa juani.

Na historia ya marehemu. Mnazijua historia za marehemu wetu zinazosomwa makaburini, mlevi anakuwa mcheshi, mgomvi anakuwa mtu wa msimamo, bahili anakuwa mwangalifu. Yangu msiipake chokaa. Semeni alihubiri, semeni alifuga nyuki, semeni na hili, kwa sauti ile ile. Kabla haijasomwa mpeni Hana karatasi na kalamu. Akitaka kuongeza aongeze. Akitaka kukata akate. Asipotaka kuigusa… asipotaka hata kuigusa, mkae kimya mnizike.

Nimechoka.

Karibu, niwawekee mkono. Raheli, Mungu akuzidishie ubishi, mwanangu, umenisaidia. Theodora, mikono hii iliyoniogesha… ipate wa kuiogesha. Hana wa Benjamin, ambaye hayupo, nambariki nikiwa sistahili, apokee au asipokee. Peniel. Peniel, sogea. Mbona sikuoni?

Ametoka?

Mwacheni. Mwacheni, Raheli, usimfuate. Mtu hasukumwi kwenda kuomba. Mkono wangu huu utabaki hapa juu ya blanketi, mumwambie ni wa kwake, aje auchukue hata ukiwa baridi.

Hiyo ni pikipiki yake. Naijua, ile inayokohoa kama mimi. Theodora, toka uangalie. Imeteremka kwake bondeni, au imepanda kwenye barabara kuu, ya Iguguno? Toka upesi, itapotea…

Hapana. Rudi. Kaa, mwanangu, kaa hapa. Usiende kuangalia.

Niache nife nikiamini imepanda.